Kanda za zamani za redio: raia asiye na barua ya chuo anazifikiaje?

Swali: "Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Mvumi, wilaya ya Chamwino. Naandika historia ya vikundi vya kusikiliza redio vilivyoundwa huku kwetu wakati wa Mtu ni Afya, kampeni ya elimu ya afya kwa njia ya redio, mwaka 1973. Nilikwenda kwenye kituo kimoja cha utangazaji kuomba kusikiliza kanda za vipindi vile, nikaambiwa nilete barua ya chuo kikuu. Mimi sina chuo, natafiti kwa pensheni yangu. Je, mwananchi wa kawaida ana haki ya kusikiliza kanda hizo? Na wakiniambia zimefutwa, ndiyo basi?"

Shikamoo Mwalimu.

Ndiyo, unayo haki ya kuomba, na anayetunza kanda hizo, ikiwa ni taasisi ya umma, ana wajibu wa kukujibu. Ibara ya 18 ya Katiba inapozungumzia kutafuta na kupokea habari inaanza na maneno "kila mtu". Sheria ya Haki ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inampa haki hiyo raia, na uraia wako hauhitaji muhuri wa mkuu wa kitivo. Barua ya chuo ni utaratibu ambao ofisi nyingi zimejiwekea kwa sababu unazirahisishia kazi: mgeni akiharibu kitu, kuna mahali pa kupeleka malalamiko. Nimekaa upande ule wa meza miaka mingi, naujua wasiwasi huo na nauheshimu. Lakini unaondolewa kwa kitambulisho cha taifa, barua ya utambulisho ya serikali ya kijiji, na ahadi yako ya maandishi kwamba hutagusa mashine wala kanda kwa mkono wako. Kumrudisha mtu nyumbani kwa kuwa hana chuo ni jambo jingine kabisa, na ninalipinga.

Ninalipinga kwa sababu najua nani huuliza maswali gani. Mtafiti wa chuo akija kuulizia Mtu ni Afya atataka kujua kampeni ilivyopangwa kitaifa, na hayo yameandikwa tayari. Tunajua ilikwenda kwa wiki 12, viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walipewa mafunzo, na watu takriban milioni 2 walishiriki. Tunajua kikundi kilikaa kuzunguka redio, kikasikiliza kipindi, kikasoma sura ya kitabu cha kampeni, kikajadili, kisha kikaamua la kufanya: kuchimba choo, kufukia madimbwi, kuchemsha maji. Lakini nani alibeba redio Mvumi? Betri zilipokwisha nani alinunua nyingine? Kipindi kilisemwa kwa Kiswahili cha studio ya Dar es Salaam, nani alikigeuza Kigogo kwa kina mama waliokaa nyuma? Kumbuka pia kwamba vijiji vyenyewe vilikuwa vipya. Operesheni Dodoma ilikuwa imewahamisha watu miaka miwili tu kabla, Mwalimu Nyerere mwenyewe akipiga kambi Chamwino mwaka 1971 na kufyatua matofali na wanakijiji. Watu walioambiwa wachimbe vyoo walikuwa wametoka kujenga nyumba mpya juzijuzi. Maswali haya atayauliza mtu wa Mvumi, au hayataulizwa na mtu.

Sasa twende kwenye sheria, maana hapa ndipo wengi wanapoteleza. Watu husoma kwamba sheria ya 2016 inaipa taasisi siku 30 kujibu, wanaandika "naomba kusikiliza kanda zenu za mwaka 1973", wanakaa kusubiri. Hapo kuna matatizo mawili. Kwanza, sheria inataka ombi lenye maelezo ya kutosha kumwezesha ofisa kujua unachotaka ni kipi, na "kanda za mwaka 1973" ni rafu nzima. Pili, taarifa zinazozungumziwa humo ni zile zinazohusu uongozi, uendeshaji na maamuzi ya taasisi, za namna yoyote ile. Ofisa mbishi anaweza kukuambia kipindi cha redio si taarifa ya uendeshaji. Usimpe nafasi hiyo. Tumia sheria ya 2016 kuomba kitu ambacho hakina ubishi: daftari la maktaba ya kanda, orodha ya vipindi vya mwaka ule, na kumbukumbu za kufuta au kuhamisha kanda. Hizo ni nyaraka za uendeshaji mtupu. Ukishakuwa na namba ya kanda mkononi, ombi la kusikiliza linakuwa jambo la nusu saa la fundi mitambo, na ni vigumu zaidi kulikataa.

Kwa kanda yenyewe, jiegemeze kwenye Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002. Msingi wake ni kwamba kumbukumbu za umma zilizofikisha miaka 30 hufunguliwa kwa wananchi, isipokuwa pawe na sababu maalumu ya kuendelea kuzifunga, na kumbukumbu si karatasi peke yake. Kanda za 1973 zilitimiza miaka 30 mwaka 2003. Ongeza hoja moja ambayo nashangaa watu hawaitumii: kipindi kilichorushwa hewani hakikuwa siri hata siku moja. Kilitolewa kwa umma siku kiliporushwa, aliyekuwa na redio alikisikia bure. Faili la ndani linaweza kuwa na majina ya watumishi na mashauri ya nidhamu, hilo linahitaji kuangaliwa kwanza. Somo la minyoo na kichocho lililosikika kutoka Mtwara hadi Bukoba linalindwa dhidi ya nani?

Jambo dogo la majina, kwa kuwa litakuokolea muda. Chombo kilianza kama Sauti ya Dar es Salaam mwaka 1951, kikawa Shirika la Utangazaji la Tanganyika mwaka 1956, kikawa Radio Tanzania Dar es Salaam mwaka 1965, kikaunganishwa na Televisheni ya Taifa kuwa Taasisi ya Utangazaji Tanzania mwaka 2002, na mwaka 2007 kikawa Shirika la Utangazaji Tanzania, TBC tunayoijua leo. Vipindi vyako ni vya enzi za RTD. Maboksi, madaftari na mafaili yana jina hilo, kwa hiyo barua yako iende kwa taasisi ya leo lakini itaje RTD. Kama kituo ulichokwenda si mrithi wa RTD, inawezekana kabisa uligonga mlango usio na kanda hizo.

Barua iwe fupi. Mimi ningeandika hivi:

"Naomba, chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Habari ya mwaka 2016, kupatiwa nakala ya kurasa za daftari la maktaba ya kanda la Radio Tanzania Dar es Salaam zinazoonyesha vipindi vya kampeni ya Mtu ni Afya vya mwaka 1973, pamoja na kumbukumbu yoyote ya kufutwa, kuhamishwa au kunakiliwa kwa kanda hizo. Baada ya kuzipata, nitaomba kusikiliza ofisini kwenu, mbele ya mtumishi wenu, kanda zisizozidi tatu nitakazozitaja kwa namba. Mimi ni raia wa Tanzania na natafiti historia ya kijiji changu. Nakala ya kitambulisho imeambatishwa. Endapo ombi litakataliwa, naomba sababu kwa maandishi."

Ipeleke kwa mkono, nakala yako igongwe muhuri wa mapokezi wenye tarehe. Siku 30 zikipita kimya, au ukikataliwa, unaomba mapitio kwa mkuu wa taasisi, na baada yake kuna ngazi ya waziri. Sheria imeweka ngazi hizo kwa ajili ya mtu kama wewe. Mara nyingi hutahitaji kufika huko. Barua yenye kanda tatu na muhuri wa mapokezi hujibiwa upesi kuliko barua ya kurasa nne inayolalamika kuhusu haki za binadamu.

Kwa nini tatu? Kwa sababu kanda haifunguliwi kama kitabu. Ya saa moja husikilizwa kwa saa moja, hakuna mkato. Fundi anatakiwa kusafisha vichwa vya mashine kwa spiriti, kukagua kama kanda imekauka au inanata, kuizungusha taratibu, ndipo aicheze. Rili, yaani gurudumu linalozungushiwa kanda, ya kawaida ya inchi 7 ina futi 1,200 za kanda, na kwa kasi ya sentimita 19 kwa sekunde inatoa takriban dakika 32. Hesabu hiyo itakufaa: boksi likiandikwa kipindi cha nusu saa na kasi 19, rili moja inatosha. Likiandikwa kasi 38, rili ileile inaisha ndani ya dakika 16, basi kuna rili ya pili mahali fulani, iulizie.

Na boksi lenyewe, Mwalimu, lisome lote kabla kanda haijachezwa. Ubavuni kuna namba ya maktaba. Ndani kwa kawaida kuna kadi: jina la kipindi, mtayarishaji, fundi, tarehe ya kurekodi, tarehe ya kurushwa. Tarehe mbili hizo zikiachana sana, jiulize kulikoni. Huenda kipindi kilirudiwa, au kilizuiwa kwanza. Tazama kama jina la zamani limekatwa kwa kalamu na jipya kuandikwa juu yake. Hapo umeshika ushahidi wa kanda iliyofutwa na kutumiwa tena. Omba ruhusa ya kupiga picha kadi hiyo. Nimeona kadi ambazo thamani yake kwa historia ilizidi sauti iliyobaki ndani.

Hapo tumeingia kwenye swali lako la pili, la kufutwa. Ofisi ikikuambia "hakuna", usiondoke mpaka ujue ni "hakuna" ipi.

Ipo ya kufutwa kweli. Kanda mpya iliagizwa kwa fedha za kigeni, na kila kituo duniani kilikuwa na tabia ya kurekodi juu ya kipindi cha jana. BBC, pamoja na utajiri wake, ilifuta vipindi vingi vya miaka ya 1960 na 1970 vinavyotafutwa hadi leo. Kama kanda ilifutwa, daftari litaonyesha, au namba yake itaonekana imepewa kipindi kingine.

Ipo ya kutotafutwa. Hii ndiyo ninayokutana nayo zaidi. Mtumishi anaangalia kwenye kompyuta, haoni, anasema hakuna. Kompyuta ina kile kilichokwisha kunakiliwa kidijitali, na vituo vingi huanza kunakili muziki na hotuba za viongozi. Masomo ya elimu ya watu wazima huwa ya mwisho kwenye foleni, kama yamo kwenye foleni. Kwa hiyo uliza moja kwa moja: mmetazama kompyuta, au mmetazama daftari na rafu?

Na ipo ya kanda iliyopo isiyochezeka. Kanda za zamani za asetati, aina ya plastiki, huoza taratibu na kutoa harufu ya siki. Ukifungua boksi pua inakuambia kabla ya macho. Baadhi ya zile za miaka ya 1970 na 1980 hunata, gundi inayoshika unga wa sumaku inafyonza unyevu wa hewa, na ukizicheza hivyo hivyo zinaacha unga kwenye vichwa vya mashine na sauti inaondoka nao. Hizi zina dawa: hupashwa joto dogo kwa saa kadhaa kwenye kifaa maalumu, kisha hunakiliwa haraka. Kazi hiyo ni ya fundi aliyeizoea, si ya kujaribu na oveni ya nyumbani. Jibu kama hili likija, omba waandike "ipo, haichezeki". Tofauti ni kubwa, kwa sababu kinachoandikwa "haipo" hutupwa siku ya kuhama ofisi.

Na kuhama kunaendelea. Serikali imehamia Dodoma, taasisi zinafuata, na shehena za kumbukumbu zitafuata kwa malori. Hali ya hewa yetu ya ukame ni rafiki wa kanda kuliko unyevunyevu wa pwani, ukidhibiti vumbi. Ningependa sana uhamisho huu uzae chumba kimoja cha kusikilizia hapa Dodoma, chenye meza mbili, vipokea sauti na mtumishi mmoja, ambako mwalimu wa Mvumi na mwanafunzi wa UDOM wanaandikisha majina kwenye daftari moja na kungoja zamu moja. Ufaransa ilitunga sheria mwaka 1992 kwamba matangazo ya redio na televisheni yahifadhiwe kwa lazima kama vitabu vinavyohifadhiwa maktaba ya taifa, na mahali pa watafiti kuyasikiliza pakafunguliwa Paris. Kwetu wajibu wa kuwasilisha nakala umelenga machapisho. Gazeti lililochapa ratiba ya kipindi lina sheria ya kulihifadhi, kipindi chenyewe kimeachiwa nafasi ya rafu. Hili wabunge wanaweza kulirekebisha, nao wanakaa hapa hapa mjini.

Wakati unasubiri majibu, kazi yako haisimami, kwa sababu kipindi cha redio kiliacha karatasi nyingi pembeni. Anza na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyoendesha kampeni na kutoa vitabu vya vikundi. Watafiti wake wa wakati ule, Budd Hall akiwa miongoni mwao, waliandika tathmini. Soma tathmini hizo kwa heshima na kwa tahadhari pia, maana ziliandikwa na waandaaji wenyewe. Magazeti ya Uhuru na Daily News ya 1973 yamo katika mkusanyo wa East Africana, Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Tafuta ratiba za vipindi, barua za wasomaji na habari za mikoani. Hapa Dodoma pana Kituo cha Taifa cha Kumbukumbu. Kaulizie mafaili ya mkoa na ya wilaya ya miaka ile, hasa ya afya na maendeleo ya ujamaa, na utaje Dodoma Vijijini, maana wilaya ya Chamwino kwa jina hilo haikuwepo. Makao makuu ya CCM yana nyaraka za TANU, na kampeni ile ilipita kwenye matawi na mabalozi wa nyumba kumi. Kwa mafaili ya chama barua yako ibadilike, huko unaomba kwa hisani ya mwenye nyaraka.

Watu watakuambia pia kuhusu taarifa za BBC Monitoring na za FBIS ya Marekani, zilizosikiliza redio za dunia na kuchapisha matangazo kwa tafsiri ya Kiingereza. Zimo kweli habari za Radio Tanzania, na anayeandika juu ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 asizikose. Kwa somo la vyoo na madimbwi usipoteze senti zako huko. Wasikilizaji wale walikuwa wakiwinda siasa.

Ukipata kusikiliza, tenganisha ruhusa tatu: kusikiliza, kupata nakala, na kutangaza. Ya kwanza hiyo tumeijadili. Ya pili inaweza kuwa na gharama, na ukipewa nakala omba faili la WAV, si la MP3 peke yake. Kiwango kinachopendekezwa na wahifadhi sauti duniani ni kilohezi 96 kwa biti 24. Ya tatu ndiyo yenye mitego. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda kazi ya mtunzi kwa maisha yake na miaka 50 baada ya kufa, na ndani ya kipindi kimoja mnaweza kuwa na haki za kituo, za mwandishi wa mchezo na za kwaya iliyoimba mwanzoni. Kunukuu maneno ndani ya kitabu chako kwa kutaja chanzo ni sawa. Kupandisha kipindi kizima mtandaoni kunahitaji kibali cha wenye haki, na kama unakusudia kuendesha chaneli yako, pitia kwanza kanuni za maudhui ya mtandaoni za Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA.

Usisahau kanda inakuambia kilichorushwa, haikuambii kilichosikika. Betri zilikuwa zinakwisha, mawimbi yalikuwa yanakatika, na mtu aliyekuwa akitafsiri alitia lake. Ndiyo maana napendekeza, ukipewa nakala hata ya dakika kumi tu, uende nayo Mvumi na kuwachezea wazee waliokuwa kwenye vikundi, wakiwa wamekaa pamoja kama walivyokaa zamani. Rekodi mazungumzo yao kwa simu, kwa idhini yao, uandike jina la kila anayesema na tarehe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo, na adabu ilikuwepo kabla yake. Waulize kama wanaridhia majina yao yatokee kitabuni, hasa pale mazungumzo yatakapogusa magonjwa ya watu na nani alihamishwa kwa nguvu.

Wala usingoje kanda ndipo uwaone wazee hao. Aliyekuwa na miaka 25 mwaka 1973 sasa amevuka 75. Barua ipeleke Jumatatu, na Jumanne uanze na kiongozi wa kikundi aliye hai. Muulize kama bado anacho kile kitabu cha kampeni. Huenda alikitunza, na pembezoni mwa kurasa akaandika mahudhurio.